Nukta ya Mwisho

Diski ya marehemu Famau, mpiga picha wa Langoni,
ina faili elfu nne mia moja na kumi na mbili.
Mjane wake amenipa kikombe cha kahawa na swali moja:
zipi ni picha, zipi ni madeni ya watu?

Jibu limo mkiani mwa kila jina,
lakini Famau alitia nukta kama atiaye iliki.
Harusi.ya.Mkomani.siku.ya.pili.jpg
Pasipoti.Bw.Sheyumbe.kavua.kofia.tif
Nikakata kwenye nukta ya kwanza
nikaletewa ya.Mkomani.siku.ya.pili.jpg,
mkia mrefu kuliko punda mwenyewe.

Chuoni, Maalim Zena alinichapa kiganja kwa nukta:
moja chini ni be, moja juu ni nuni, mbili juu ni te,
ukikosea nukta umeandika uwongo.
Hapa nyingi ni za bure,
na moja, ya mwisho, ndiyo neno.

Basi naandika ruwaza, alama kwa alama:
mkwaju wa kinyume kwanza, ili nukta iwe nukta tu,
kwani ikiachwa huru huwa yeyote;
kisha mabano, na ndani yake kofia ikanayo:
isiingie nukta nyingine, usiingie mkwaju
(maana kuna kabati liitwalo Zamani.za.baba/
na nukta za kabati si za shati lililomo);
kisha jumlisha; kisha dola,
dola isiyonunua hata hamri moja,
kazi yake kusema: hapa ndipo mwisho.

\.([^./]+)$

Alama kumi na moja. Zikajipanga,
picha huku, madeni kule.
Bi Zuwena akayasoma madeni yote, polepole,
akavua miwani, akasema: Futa.

Ikabaki moja. Haina nukta, haina mkia:
Usifute
Ruwaza ikaiendea, ikarudi mikono mitupu.
Nikaifungua kama picha, ikakataa.
Kama barua, ikamwaga takataka.
Kama sauti:

kiti kikikokotwa, punda wa jirani,
na Famau, miaka sita chini ya udongo,
"Ndoo. Keti papo. Usiteke."
Na mtoto akateka.

Bi Zuwena akauliza, tuiiteje sasa?
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha nukta.
Nikakiondoa.