Kuamia

Mwaka ule nilipelekwa kuamia mpunga wa shangazi Mize,
bondeni Kibokwa, punje zimetia maziwa.
Kazi yangu: kukaa dunguni tangu alfajiri,
kuvuta kamba ya makopo,
kupiga ukelele mpaka koo linikauke.
"Wote wezi," alisema. "Usiwaulize majina."

Lakini mchana wa dunguni haufupiki,
na mwizi usiyemjua humwoni akija.

Nikaanza na mnana, kwa kuwa ndiye mwingi:
manjano ya bizari iliyomwagika,
hatui bila kugombana.
Zawaridi alikuja kimya.
Mdomo mwekundu, shavu jeupe,
nadhifu kama bwana harusi,
na mbele ya chakula hana haya.
Nilimtupia donge la udongo, likamkosa.
Akanitazama.
Haya nikaona mimi.

Wengine niliwajua kwa sikio tu.
Dudumizi, mahali fulani ndani ya manyasi,
akimimina sauti kama maji ya mtungi wa shingo nyembamba,
du-du-du-du, inashuka, inashuka.
Nikakimbia kufunika muhogo wangu.
Mvua haikuja.
Ilikuja siku ya tatu, nimeshamwita mwongo.

Na yule aliyetwanga ng'ambo ya bonde kila adhuhuri,
pu, pu, kwanza pole pole,
kisha mbio mbio kama mwenye mgeni mlangoni,
wiki nzima nilimdhani mke wa mzee Pandu.
Kumbe pugi.

Chozi nilionyeshwa na Machano, mtoto wa mjomba,
aliyeniletea uji na kukawia kuondoka:
"Usimtafute ndege.
Tafuta ua linalotikisika na upepo hakuna."

Tukavuna. Gunia la tano halikujaa.
Shangazi akalipima kwa jicho, kisha akanipima mimi.
"Nani kala?"
"Mnana," nikasema. "Na zawaridi, wale sita wa mfereji wa juu.
Dudumizi hakula hata punje, yeye na panzi zake."
Hakujibu. Alipepeta mpaka jua likahamia mgongoni,
makapi yamemganda kwenye nyusi.

Halafu ungo ukasimama hewani.
"Na huyu," akauliza, "anayelia sasa hivi, nani?"

Sikumjua.

"Nyamaza kidogo, shangazi," nikasema,
na shangazi Mize,
asiyenyamazishwa na mtu,
akanyamaza.