Uboho wa Sunnuva

Visiwa vya Faroe, 1846

Meli imeshusha mbao, chumvi na kikohozi.
Wiki ya pili, Hvalba nzima imelala.
Heðin kalala, mkewe Marjun kalala,
watoto macho mekundu, ngozi imewaka vipele,
ng'ombe wanalia zizini, viwele vimejaa,
na hakuna wa kuwakamua

ila wewe, Sunnuva,
mwenye miaka sabini na mmoja,
uliyesahau juzi jina la marehemu mumeo,
uliyetia chumvi kwenye uji, ukatia tena.

Unakwenda mlango hadi mlango na ndoo.
Wanakukoholea usoni. Unainama kuwanywesha,
pumzi zao unazimeza.
Surua inaingia puani mwako kama ilivyoingia kwao.
Inabisha.
Na huko ndani, kuna anayeijua sauti hiyo.

Ulikuwa na miaka sita.
Ulilala juu ya majani makavu, Billa ubavuni;
dada yako Billa hakuamka.
Siku zile damu yako ilikuwa haijui vita:
chembe zilikimbia huku na huko
zikijaribu ufunguo huu, ufunguo ule,
homa ikakoka moto adui asipate usingizi,
tezi za shingo zikavimba kama viazi,
hata chembe moja, moja tu katika maelfu na maelfu,
ikaingia kwenye kufuli, ikazunguka.
Ikazaa pacha. Pacha wakazaa pacha.

Vita vilipokwisha nyingi zilikufa, ndivyo iwavyo.
Chache zilijikunyata ubohoni,
zikaketi gizani, zikaanza kufuma.
Miaka sitini na mitano zinafuma
fulana ileile ya mtoto wa miaka sita,
kwa uzi uleule,
bila agizo, bila ujira.

Wahenga walinena: aliyeumwa na nyoka
akiona unyasi hushtuka.
Kisiwani kwako hakuna nyoka,
na unyasi ndio nchi yenyewe, hadi kwenye mapaa.
Lakini damu ilishtuka,
ikamfunga mgeni kabla hajavua viatu.

Jioni Marjun anauliza, sauti imejaa mchanga:
"Mama, wewe huogopi?"
Unatazama ndoo. Unajaribu kukumbuka
cha kuogopa.
"Nilikuwa na dada," unasema.
Jina limekwenda.
Unafunga kilemba, unatoka
kumkamua ng'ombe wa mwisho.