Kikombe kwa Kikombe

Dukani kwa Murhula sukari hupimwa kwa glasi
yenye kitako kinene kama kisigino cha askari,
na kidole gumba chake huingia ndani
kuhesabiwa nayo.
Nilinunua glasi nne. Nyumbani nikazipima upya
kwa kikombe changu cha bati: zikawa tatu na nusu.
Sikurudi kudai. Jumapili Nsimire anapata komunyo ya kwanza,
wageni watashuka toka Kabare na kiu ya mteremko mzima,
na kasha la soda siku hizi lina bei ya mbuzi.

Basi shira. Huku kwetu Bukavu tunasema siro,
kwa ulimi uliosomeshwa na masista.
Kikombe cha sukari, kikombe cha maji:
hakuna hesabu nyingine katika nyumba hii
iliyo sawa pande zote mbili.

Matunda-damu niliyapata Nyawera, kwa mama wa Walungu
aliyeyapanga mafungu ya matano-matano,
moja bovu chini, kama ilivyo desturi.
Niliyamwagia maji ya moto, nikayavua ngozi
kama soksi za mtoto aliyelala.
Ndani, wekundu unaokaribia weusi,
na mbegu zimekaa duara, zikisikiliza.

Umeme ulikatika saa kumi na mbili kasoro.
Haukuniweza. Mimi niko na mbabula,
na makala machache, maana shira haipendi kuharakishwa:
ikichemka kwa hasira inakuwa peremende,
hutaibandua sufuriani mpaka Krismasi.
Sukari kwanza inazama, inakaa chini kwa ukaidi,
halafu, bila kukuaga, haipo.
Maji yanabaki yale yale, ila mazito,
kama mtu aliyepokea habari.

Nikatia matunda. Nikatia matone mawili ya ndimu.
Ndipo nikakumbuka: sina chujio.

Chujio la matundu madogo katika kiwanja hiki liko moja tu,
la Mama Ntakwinja, mlango wa bluu,
ambaye hatusemeshani naye tangu kiangazi kianze,
sababu ya bidoni mbili za njano na zamu ya bomba.
Alisema neno, nami nikasema neno,
na la kwangu ndilo lililokuwa refu.

Nikamtuma Nsimire. Alikwenda na viatu vyeupe vya Jumapili
ambavyo alikuwa anavizoesha miguuni.
Nikasubiri. Povu la waridi likapanda,
nikalitoa kwa kijiko, nikaliweka kisahanini.
Akaja mwenyewe, chujio mkononi,
tochi ya simu ikimulika sakafu, si uso wangu.
Hakusalimu. Alitandika kitambaa cheupe juu ya chujio,
akalishika kwa mikono miwili juu ya beseni.
Mimi nikamimina.
Nikachukua mwiko niyaminye yale makapi,
sukari imenigharimu, nitaiacha vipi?
Akasema, neno lake la kwanza tangu kiangazi:
“Usikamue. Ukikamua inakuwa tope.
Iache itoke yenyewe.”

Tukasimama. Tone. Tone.
Mikono yake ikaanza kutetemeka,
nikashika upande wa pili wa chujio.
Nje mtu alimwita mtoto wake mara sita,
kwa jina lote la ubatizo.
Tone.
Sijui ilikuwa nusu saa au misa nzima.

Zilijaa chupa tatu, za viski ya mtu nisiyemjua,
nilizokuwa nimezichemsha tangu asubuhi.
Ikabaki robo kikombe.
Nikaiongezea maji ya baridi, nikampa.
Akanywa akitazama ukuta.
“Ndimu imezidi,” akasema,
akanyoosha kikombe tena.

Chujio lake lingali kwangu.
Nimeliosha mara mbili, bado linanata.
Nitalirudisha kesho,
au siku ya zamu ya bomba.