Rekodi ya Kumi na Saba

Dakta Kokuhirwa ametugawia hedifoni, fomu,
na penseli zisizo na vifutio.
"Sikilizeni hotuba nzima, kisha ipeni namba:
sifuri, moja, au mbili."
Mbili ni pale msemaji anapoipasua nchi kama papai,
huku watu safi, kule wale waliowala,
na yeye katikati, mdomo wa wote.

Neno lenyewe tunalitafutia Kiswahili tangu Machi.
Umaarufu? Huo hata golikipa anao.
Siasa za umma? Inanuka bohari ya serikali.
Nzowa akasema, "Uwananchi."
Tukacheka. Kisha hatukucheka,
maana vijiweni Manzese wanajua zamani
kuna wananchi na kuna wenye nchi,
nami nimetumia kurasa sitini
kuuzunguka utani huo.

Rekodi ya kumi na saba: Mwembe Yanga, alasiri,
spika inakoroma.
"Wao wana viyoyozi, ninyi mna jua!"
Vigelegele.
"Mimi si mwanasiasa. Mimi ni ninyi!"
Naandika mbili.
Nzowa, meza ya pili, kaandika moja.
"Hajasema wezi. Kasema viyoyozi."
Tukabishana juu ya viyoyozi
chini ya kiyoyozi cha Idara
kinachodondosha maji kwenye ndoo ya rangi.

Narudisha nyuma. Dakika ya thelathini na moja,
mbali na maikrofoni, mwanamke:
"Na bomba la Mtoni?"
Tena, kwa kukaza: "Baba, bomba!"
Mgombea anasema, "Ninyi ndio nchi!"
na uwanja unaitikia kama ukuta unaoanguka.
Labda naye aliitikia. Siwezi kusikia.

Fomu ina safu ya msemaji, safu ya adui,
safu ya umma (umetajwa mara arobaini na nne).
Safu ya anayeuliza haimo.

Shangazi yangu yuko Mtoni.
Dumu ni mia tatu, kiangazi mia tano.
Hilo nalo halimo, wala sijui lingekaa wapi.

Dakta anataka tukubaliane kwa asilimia themanini.
Tuko sabini na sita.
Saa kumi na mbili Nzowa ananiita,
"Basi weka moja na nusu,"
kama muuza nyanya anayetaka kufunga genge.
Hakuna nusu, namwambia.
Anavaa begi lake, anaondoka.

Pembeni mwa fomu, pale pa kusaini,
nimeandika: bomba.
Kesho Dakta ataniuliza hiyo ni namba gani.