Mengineyo

Mimi ndiye katibu. Kalamu iko kwangu.
Jumamosi ile ya Julai, nje kidogo ya Kitangari,
tulikaa stoo ya chama cha msingi, juu ya magunia matupu,
na ajenda zilikuwa tano.

Ya kwanza salfa: imechelewa, na ikija itakuwa pungufu.
Ya pili malipo ya pili ya mnada,
ambayo kila mtu alikuwa ameshayatumia kichwani.
Ya tatu mbuzi wa Nandonde kwenye mihogo ya watu;
hiyo ilikula saa nzima, na mbuzi akashinda.
Ya nne, tarehe ya kuwaingiza vijana jandoni.
Ya tano mengineyo.

Mengineyo ni pale watu wanapotafuta kandambili kwa vidole vya miguu
huku macho yakimtazama mwenyekiti.
Ndipo akasimama Somoe Chilumba, mpishi wa uji shuleni,
kaunta buku nne kifuani, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Miaka kumi na tisa, tangu mwalimu Mtipa ahamishwe
akamwachia kopo la kupimia mvua na ufunguo wa uzio,
kila saa tatu asubuhi anaacha mwiko,
anainama, anasoma, anaandika.
Siku kavu anaandika sufuri.
Halipwi. Hakuna aliyemwambia aache,
wala aliyemwambia aendelee.

Alisema: "Mvua ya kupandia imesogea siku ishirini na tatu.
Na Agosti, mwezi wa maua, ambao zamani
niliandika sufuri mpaka mkono ukazoea,
sasa..."

"Kopo lako linavuja kwa juu, shangazi!"
Huyo Hamisi Likwekwe, wa bodaboda.
Tukacheka. Nami nilicheka; utani mzuri hauombi ruhusa.
Mwenyekiti akasema hayo ni ya Mungu, na kidogo ya wazungu,
na mpira unaanza saa kumi.

Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema.
Yetu hayakuwa ya kufa. Yalikuwa mazima kabisa,
yameegeshwa kwenye redio.

Somoe akakaa. Hakununa. Alifunga mpira wake mara mbili.
Nami nikaandika, kwa mwandiko wangu unaosifiwa mpaka wilayani:
Mengineyo: hakuna.

*

Agosti, usiku wa tarehe kumi na nne, ilinyesha mpaka alfajiri,
mvua ya adabu, bila radi,
kama mgeni ambaye safari hii hakuuliza njia.
Asubuhi mikorosho yangu kumi na minane
ilikuwa imemwaga maua chini kama pumba.
Yaliyobaki juu yakashika ubwiri,
unga mweupe, ukiusugua unanuka uyoga.

Sababu zilipatikana haraka:
salfa feki. Mkono wa mtu. Mtendaji.
Hamisi, ambaye baba yake ana ekari sita,
wiki nzima hakumtania mtu.

Wilaya ikataka barua, na barua ikataka tarakimu.
Nikaenda jikoni shuleni, kofia mkononi.
Hakunisema. Alininyooshea kaunta buku ya nne
huku mkono wa pili ukikoroga.

Pembeni mwa milimita kulikuwa na mambo mengine, kwa penseli.
Nyuki wamewahi.
Umande hakuna, siku ya kumi.
Ming'oko mwaka huu iko chini sana, watoto wamechimba wakachoka.
Nikafunua hadi Jumamosi ile ya kikao:
Sufuri. Nimesema. Katibu alicheka.

Nikanakili nilichotumwa.
Cha penseli sikukinakili.
Nilikunywa uji alionipa, ukaniunguza ulimi, nikashukuru.

*

Kikao cha Oktoba nilipanga ajenda mwenyewe.
Mengineyo ya Somoe nikayaweka ya kwanza,
juu kabisa, nikayapigia mstari kwa rula.

Watu wakachelewa.