Herufi za Ubao wa Mvule

Shaame seremala huhesabu kwa herufi,
mia tano kila moja, nukta bure.
Augonga ubao kwa ncha ya patasi:
"Haya Mize, neno. Mvule hauna kifutio."

Daktari Yamilé aondoka Alkhamisi.
Wodi ya wazazi, Wete, tumechangishana,
hata Bi Riziki mfagizi katoa pesa ya sabuni,
nami nikaambiwa: wewe ndiye ukijuae Kispanyola.

Nakijua cha usiku.
Cha sukuma, cha pumua, cha damu, cha haraka,
cha chai kavu saa tisa.
Cha kuagana sikufundishwa.

Lipo devoción. Lina uvumba ndani yake,
lina magoti na mishumaa ya watu wa kanisani.
Naye, tulipomuuliza dini,
alituonyesha saa yake ya mkononi, akacheka.
Lakini nimemwona akiosha mikono mpaka viwikoni,
kidole kimoja kimoja, kimya,
kama mwenye kunuia.

Lipo dedicación. Safi, limepigwa pasi,
neno la cheti cha mfanyakazi bora
kinachobandikwa karibu na ratiba ya zamu
mpaka gundi ichoke.
Halikuwepo usiku ule umeme ulipokatika
akaiuma tochi kwa meno,
mtoto wa Asya Kombo akatangulia miguu,
na bibi yake akanong'ona mlangoni:
"Huyu yumo kwenye sala, msimsemeshe."

Sisi twasema kazi ni ibada,
twayafunga yote mawili kwa pumzi moja, twenda zetu.
Wenzetu kila neno wamelipa chumba chake,
nami nimesimama ukumbini, ufunguo mkononi.

"Ngapi basi?" Shaame auliza. "Nane au kumi?"

Ndipo nikayakumbuka maboksi ya dripu
yaliyokuja na muhuri mwekundu ubavuni: ENTREGA.
Nilimuuliza siku ile, akanambia
ni mzigo uliofikishwa,
na pia ni mtu aliyejitoa asibakize.
"Saba," nikasema.
Shaame akapuliza vumbi, akaanza na E.

Alkhamisi aliusoma ubao kwa kidole.
Hakulia. Akaugeuza nyuma, akatafutatafuta,
akasema: Mize, mzigo ukifika
huwa pana mstari wa mpokeaji kutia saini.

Wodi nzima tukaanza kupapasa mifuko,
nani ana kalamu.