Hodi kutoka Wete

Mama aliusia: sauti yangu isilale nyumba za watu.
Basi kaseti zake arubaini na moja,
barua za mdomo alizorekodi Ibra mara mbilimbili,
moja ya kumtumia Raya, moja ya kuweka
(za Raya zimeliwa na ukungu),
nimezihamishia kwenye kompyuta kongwe iliyovunjika kioo,
juu ya friji, chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji
ndani ya sufuria.

Humu ndani zaitika. Nikibonyeza nikiwa sebuleni
Mama anakohoa: "Raya, mwanangu, hivi imewaka hii?"
Raya akibonyeza kutoka Wete,
kimya.

Nimefungua mlango kwenye ruta. Nimeufunga, nimeufungua tena.
Kampuni ya simu wamenipa kijana mpole, Mundhir:
Anwani hii, mama, si yako peke yako.
Mnachangia namba moja, nyumba mia na ushei.
Mtu akipiga hodi kutoka nje
hatujui anamtaka nani.

Nje joto arubaini na sita.
Nikaangalia falaji inavyopita nyuma ya ukuta wa jirani.
Waliochimba ile hawakungoja dunia ipande mlimani na ndoo.
Walipasua chini kwa chini
mpaka maji yakatoka yenyewe.

Nikakodi kichumba ughaibuni, riali moja na nusu kwa mwezi,
chenye anwani yake halisi,
na kutoka juu ya friji nikachimba handaki kwenda huko.
Nyumba ya watu, Mama, najua.
Lakini hulali. Unapita tu,
gubigubi, hata mwenye nyumba hakuoni uso.

Dakika nne hazijatimu, hodi!
Si Raya. Ni watu nisiowajua, wajaribu vitasa vya dunia nzima,
wanataja jina la msimamizi,
nywila: moja, mbili, tatu, nne.
Nikakomea. Aingie mwenye ufunguo tu.

Saa tano na dakika saba usiku, Wete bado saa nne,
mstari mmoja ukaandikika:
kaseti ya kumi na tisa. Imetoka.
Kisha tena, ileile.
Mara ya tatu akaanzia katikati,
pale Mama anapouliza vitunguu huko siku hizi bei gani.

Hakunipigia simu. Nami sikumpigia.
Nikamwaga maji ya sufuria
nikairudisha mahali pake.